Bodi mpya au lenzi mpya? Kwa mwenye Canon ndogo na lenzi yake ya 18-55mm

MC ameita keki. Taa nyeupe za ukumbi zimezimwa, zimebaki za zambarau zinazozunguka, na mwenye Canon 2000D ameivuta lenzi yake ya 18-55mm hadi mwisho ili apate nyuso za maharusi. Picha inatoka na chenga (chembechembe), na mkono ulioshika kisu umeacha mkia. Jumatatu swali linarudi lile lile: ninunue bodi kubwa (kamera yenyewe bila lenzi), au nibadilishe lenzi tu?

Ulinganisho huu ni wa mtu huyo hasa: mwenye Canon ya daraja la kuanzia (1300D, 2000D, 4000D, 700D na ndugu zake), anayepiga harusi, sendoff, mahafali na picha za familia, na kwa sasa ana fedha ya kununua kitu kimoja. Upande mmoja kuna lenzi yenye tundu kubwa la kupitisha mwanga (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na mfano wetu ni Canon EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015. Upande wa pili kuna bodi ya fulufremu (yenye kihisi kikubwa, kile kinachopokea mwanga): 6D ya mwaka 2012 iliyotumika, au kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless) kama EOS RP ya 2019 na R8 ya 2023. Mwenye Nikon naye asome, maana kanuni ni zile zile isipokuwa mahali pamoja tutakapopataja.

## Anza na picha zilizoharibika

Vigezo vyetu ni vitano: mwanga, fokasi, nafasi ya kusimama, gharama yote mpaka picha ya kwanza, na usalama wa kazi. Kipi kina uzito zaidi kwako hutakijua kwa kusoma matangazo. Kitakuonyesha picha zako mbovu.

Chukua picha 50 ulizoshindwa kumpa mteja kutoka kazi tatu za mwisho. Zifungue kwenye kompyuta usome namba nne za kila moja: urefu wa lenzi, f, shata (muda wa kupokea mwanga) na ISO (kiasi kamera inavyoukuza mwanga). Zigawe mafungu.

Ukikuta nyingi ni 55mm, f/5.6, shata 1/60 au chini, ISO 3200 au 6400, ulikosa mwanga, na mwanga huo lenzi inaweza kuuleta. Ukikuta shata ni 1/250, ISO ya kawaida, lakini sikio ni kali na jicho limefifia, tatizo ni fokasi, na hapo bodi ina la kusema. Ukikuta picha zenyewe ni nzuri ila ulichelewa tukio kwa sababu kamera ilikuwa bado inaandika kwenye kadi, hilo nalo ni la bodi. Na kama nyuso ni nyeusi kando ya gauni jeupe, usinunue chochote bado. Kamera imepima gauni ikapunguza mwanga, ukija kuuinua uso kwenye kompyuta chenga zinatoka hata kwa ISO 800. Ongeza mwanga kwa theluthi mbili hadi hatua nzima (hatua moja ni mwanga mara mbili) palepale unapopiga, hakikisha gauni halijaungua, na piga RAW (faili ghafi la kamera). Hakuna bodi itakayokufanyia hilo bila wewe kuliamua.

## Mwanga

Lenzi ya 18-55mm ikivutwa hadi mwisho, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Tuseme ukumbini umepata picha kwa shata 1/125, f/5.6, ISO 6400. Weka 50mm f/1.8, ifungue hadi f/2. Umepata hatua tatu, yaani mwanga mara nane. Kwa shata ile ile ISO inashuka kutoka 6400 hadi 800. Kwa bodi ile ile ya zamani, picha ya ISO 800 inachapika ukubwa wa A3 bila aibu, wakati ya 6400 inafaa simu tu.

Sasa upande wa bodi. Kihisi cha 6D ni milimita 36 kwa 24. Cha 2000D ni takriban 22.3 kwa 14.9. Kikubwa kina eneo kama mara 2.6, na hiyo, kwa f ile ile, ni faida ya hatua moja na theluthi hivi. Ukiweka lenzi ya 24-105mm f/4 unapata hatua nyingine moja, kwa sababu f/4 ni kubwa kuliko f/5.6. Jumla ni hatua mbili na theluthi. Haifiki zile tatu za lenzi ya 50mm, lakini unazipata ukiwa bado unaweza kuvuta picha kutoka pana hadi ya karibu bila kusogea.

Kuna mahali lenzi yenye tundu kubwa haikusaidii hata kidogo, nako ni picha za kundi. Ukiwa na 2000D na 50mm kwa f/1.8, mtu aliye mita mbili kutoka kwako, eneo lililo kwenye fokasi lina unene wa sentimita 11 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Ukisogea hadi mita 1.2 linabaki sentimita 4: kope kali, sikio limeyeyuka. Familia iliyopangwa safu mbili, mita nne mbele yako, inataka f/5.6 ndipo upate kama mita 1.3 za kutosha watu wote. Na ukishafunga hadi f/5.6, lenzi mpya na ya zamani zinaingiza mwanga sawa. Bodi kubwa hapo bado inakupa ISO safi zaidi, ingawa nayo, kwa f hiyo hiyo na fremu hiyo hiyo, eneo lake la fokasi ni jembamba kiasi.

Michirizi ya taa za LED ni jambo jingine. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya 1/200 au 1/320 inakamata sehemu tu ya mpepeso. Teremsha shata hadi 1/100 au 1/50, mara nyingi michirizi inaondoka. Baadhi ya bodi, kama 80D na 6D Mark II, zina mpangilio wa kusubiri taa iwake kikamilifu ndipo zipige. Lenzi haihusiki.

## Fokasi

Hapa bodi ndogo inalegea, na ni haki kulisema kabla hujanunua lenzi.

1300D, 2000D na 4000D zina nukta tisa za fokasi, na ni ya katikati tu iliyo ya aina ya msalaba, inayoshika mistari ya wima na ya mlalo. Gizani zile za pembeni hutangatanga. Wengi hushika jicho kwa nukta ya katikati, kisha wanageuza kamera ili wapange fremu. Kwa f/5.6 mchezo huo haukuumizi. Kwa f/1.8 na karibu, kule kugeuza tu kunausogeza mstari wa fokasi nyuma ya jicho. Ndiyo maana mtu ananunua 50mm, anapiga harusi moja, anasema lenzi ni mbovu.

Kuna pia kasoro ya kutolingana: bodi inasema imeshika, lakini ukali unaangukia sentimita mbili mbele au nyuma. Jaribu hivi. Simamisha betri tatu za AA mezani kwa mstari wa mshazari, kila moja ikiwa sentimita tatu nyuma ya mwenzake. Weka kamera kwenye stendi umbali wa mita moja, f/1.8, shika fokasi kwenye betri ya katikati, piga mara kumi, kila mara ukiivuruga fokasi kwanza. Betri ya mbele ikitoka kali mara nane kati ya kumi, lenzi na bodi havipatani. 6D ina menyu ya kusahihisha hilo. Kamera za daraja la kuanzia hazina. Ubadilishe lenzi dukani, au utumie skrini badala ya kitundu cha kuchungulia, njia ambayo kwenye 4000D ni ya polepole mno kwa mtu anayetembea.

6D haina nukta nyingi, ni 11 tu, lakini ya katikati hushika gizani kuliko kamera nyingi za rika lake. RP na R8 ziko kwenye daraja jingine: hutafuta jicho zenyewe, hulifuata likisogea, na kwa kuwa zinapima fokasi kwenye kihisi chenyewe, ile kasoro ya betri tatu haipo. Ukiweka 50mm ile ile ya bei ndogo kwenye RP kwa adapta ya EF kwenda RF (EF ni kifungio cha lenzi za DSLR, kamera zenye kioo cha ndani; RF ni cha zisizo na kioo), unapata picha za f/1.8 ambazo jicho limeshikwa nyingi kuliko utakazopata kwenye 2000D. Kwa mtu anayepiga watoto wanaokimbia au wacheza ngoma, faida hii peke yake inaweza kuhalalisha bodi.

Mahali pa Nikon ni hapa. D3500 na D5600 hazina mota ya fokasi ndani ya bodi, kwa hiyo 50mm f/1.8D utaizungusha kwa mkono. Wenye bodi hizo wanunue AF-S 50mm f/1.8G au AF-S DX 35mm f/1.8G. Bodi kama D7500, D610 na D750 zina mota hiyo.

## Nafasi ya kusimama

50mm kwenye kihisi kidogo inabana kama 80mm inavyobana kwenye kikubwa. Kwa lugha ya sakafuni: kumpiga mtu mzima kuanzia kichwa hadi viatu, kamera ikiwa wima na nafasi kidogo juu na chini, utahitaji kurudi nyuma mita nne na nusu. Kwenye sebule ya mita tatu kwa nne, mgongo wako utagusa ukuta bado miguu yake haijaingia. Kazi yako ikiwa ni sherehe za nyumbani, ubani, kumtoa bibi harusi kwao, basi 50mm itakuachia picha za kuanzia kifuani kwenda juu tu.

Tiba siyo lazima iwe bodi. Canon EF-S 24mm f/2.8 STM, nyembamba kama kifuniko, inakutaka mita mbili na kidogo kwa mtu yuleyule, na inaizidi 18-55mm kwa karibu hatua moja ya mwanga. Sigma 17-50mm f/2.8 ni nzito na ya bei kubwa zaidi, lakini inashika f/2.8 mwanzo hadi mwisho, na kwa mtu wa harusi mwenye bodi moja ndiyo lenzi inayobaki kwenye kamera siku nzima.

Kwenye fulufremu, 50mm ile ile inafunguka: kwa mtu mzima unasimama chini ya mita tatu. Wengine hununua bodi kubwa kwa sababu hii bila kujua, wakidhani wamenunua ubora.

Mandharinyuma ya kuyeyuka yanatokana na lenzi. Bodi kubwa yenye lenzi ya f/4 haitakupa yale unayoyaona kwenye picha za f/1.8. Mteja akisema "nataka ile ya nyuma blur", anakuomba lenzi.

## Gharama yote mpaka picha ya kwanza

Hesabu ya lenzi ni fupi. 50mm f/1.8 STM ilitangazwa Marekani mwaka 2015 kwa dola 125, na mpaka leo ni kati ya lenzi za bei ndogo kabisa za Canon. Ongeza kifuniko cha kukinga jua na chujio la milimita 49. Betri, kadi, kompyuta, vyote vinabaki vilevile.

Hesabu ya bodi ndiyo inayowaumiza watu, kwa kuwa bei ya bodi ni mwanzo tu:

- Lenzi yako ya 18-55mm ni ya EF-S (ya kihisi kidogo tu), yenye alama ya mraba mweupe. Haikai kabisa kwenye 6D. Kwenye RP au R8 itakaa kwa adapta, lakini kamera itakata picha: megapikseli 26 za RP zinabaki kama 10. Kwa hiyo bodi bila lenzi mpya si kamera bado.
- Betri hazihami. 2000D na 1300D hutumia LP-E10. 6D hutumia LP-E6. RP na R8 hutumia LP-E17, ambayo ni ndogo na huisha haraka. Kwa harusi ya siku nzima, RP inataka betri nne mkobani.
- Kadi ya zamani ya polepole itaizubaisha bodi mpya. Video ya 4K itaikataa kabisa.
- RP na R8 huandika RAW ya aina ya CR3. Lightroom 6 haiisomi, na anayeitumia atalazimika kubadilisha programu, pengine na kompyuta.

Jumlisha hayo kwanza, ndipo uulize bei ya bodi Kariakoo (Dar) au Luthuli (Nairobi). Ukiwa umepungukiwa fedha ya lenzi tu, usinunue bodi ukasubiri lenzi "mwezi ujao". Utakuwa na bodi ya kazi isiyo na jicho, na harusi ya Jumamosi haisubiri.

Baada ya miaka mitatu hali inageuka. Bodi hushuka thamani kila toleo jipya linapotoka. Lenzi ya EF iliyotunzwa hushuka polepole, na utaihamishia kwenye bodi ya RF kwa adapta, fokasi ikifanya kazi kama kawaida. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya RF haikai kwenye DSLR. Anayejua kwamba atahamia mwakani anaweza kununua EF leo bila hofu, lakini asinunue EF-S ya bei kubwa.

## Ukinunua mtumba

Nenda dukani na kadi yako, betri iliyochajiwa na simu yenye tochi.

Lenzi, ifungue tundu lote, itazame kutoka nyuma huku tochi ikimulika kwa mshazari. Nyuzi nyembamba kama za buibui ni kuvu. Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar unyevu huzileta hata kwenye lenzi iliyokaa kabatini miezi michache, na zikishaota huacha alama kwenye kioo hata baada ya kusafishwa. Vumbi chembe mbili tatu halina neno. Kisha piga picha kwa f/1.8, halafu f/8. Ikipiga kwa f/1.8 na kugoma kwa f/8 na kuandika Err 01, safisha vidoto vya umeme vilivyo nyuma ya lenzi kwa kitambaa kikavu; ikirudia, utepe wa umeme wa ndani umekatika. Ugonjwa huu huzipata hasa 18-55mm za zamani, na wengi wameshawahi kuilaumu bodi kwa kosa la lenzi.

Bodi, piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya kihisi. Tazama pini za kadi kama zimenyooka. Ulizia idadi ya mipigo ya shata. Kwenye 6D na 5D Mark III haionekani kwenye menyu, husomwa kwa programu ya kompyuta na waya wa USB. Shata ya 6D imekadiriwa mipigo 100,000, ya 5D Mark III 150,000. Mpiga harusi wa kila wiki huzimaliza.

## Usalama wa kazi

Kadi ikifa usiku wa harusi, hakuna lenzi itakayokuokoa. Nafasi mbili za kadi ni sababu halali ya kununua bodi, lakini soma vizuri: 6D, RP na R8 zote zina nafasi moja. 5D Mark III ina mbili (CF na SD), R6 ina mbili, na upande wa Nikon D610, D750 na D7200 zina mbili. Kwa kasi, 2000D hupiga picha tatu kwa sekunde na 6D nne na nusu. Usiinunue kwa hilo.

## Kuna la tatu: fleshi

Katika picha za kundi, mahali ambapo lenzi na bodi zote zinachechemea, fleshi ya kuelekeza darini inazipita zote mbili. Dari nyeupe ya mita tatu hurudisha mwanga laini. Dari ya makuti huumeza, na kidogo kinachorudi huwa cha kahawia; hapo weka kadi nyeupe nyuma ya kichwa cha fleshi au uielekeze kwenye ukuta.

Angalizo moja kubwa: 2000D, 4000D na 250D hazina kidoto cha katikati kwenye kiatu cha fleshi (pale juu ya kamera fleshi inapochomekwa). Fleshi za bei ndogo zinazotegemea kidoto hicho, kama Godox TT600 na Yongnuo YN560, zitakaa vizuri na hazitawaka. Tafuta ya TTL (ambayo kamera yenyewe huipimia mwanga) ya Canon inayozikubali kamera hizo, uijaribu kwenye bodi yako kabla ya kulipa. 1300D na 700D hazina tatizo hili.

## Uchague nini, kwa hali yako

Unapiga picha za mtu mmoja mmoja, maharusi bustanini, mahafali, na chenga ndizo zinazokusumbua: 50mm f/1.8, na chagua f/2.2 au f/2.5 kuliko 1.8 mpaka mkono uzoee.

Unapiga sherehe za nyumbani kwenye vyumba vidogo: 24mm f/2.8, au 17-50mm f/2.8 mfuko ukiruhusu.

Unapiga vikundi vya kanisa, madrasa, kamati, safu juu ya safu: fleshi kwanza, bodi na lenzi baadaye.

Fungu la picha zako mbovu ni la fokasi iliyokosa, tayari una lenzi ya EF yenye tundu kubwa, na watu unaowapiga hawatulii: RP au R8 na adapta. Ukiwa huna lenzi hiyo, inunue kabla ya bodi.

Unalipwa harusi kila wiki na mkataba unakubana kuwasilisha picha zote: bodi yenye kadi mbili, na ile ndogo ya zamani usiiuze. Ifunge 50mm, ikae begani kama ya akiba.

Lenzi yako ya sasa ina kuvu au Err 01: hilo halina mjadala, ni lenzi.

Na kama fedha inatosha kimoja tu, na picha zako 50 zimegawanyika nusu kwa nusu, azima au kodi. Chukua 50mm Jumamosi hii na bodi Jumamosi ijayo, ukumbi wa aina moja, kisha uyahesabu tena yale mafungu.